Mgongano wa Tatu

Rundo la mashati ya shule lilikuwa mezani kwangu, na kila shati lilikuwa na mikono miwili ya kushoto.

Niligeuza la kwanza, nikageuza la pili, nikadhani macho yangu ndiyo yenye matatizo. Nikavaa miwani. Mikono ikabaki ya kushoto. Mwenye shule alikuwa aje kuchukua mzigo wake mchana uleule, na yule mama akikasirika hata cherehani zinanyamaza.

"Nani kakata hivi?" niliuliza, ingawa jibu nilikuwa nalo. Kwenye karakana yangu anayekata ni mmoja tu, mdogo wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mkasi. Sisi wengine tunashona.

Asiyeshona anaweza kudhani hilo ni kosa dogo, kwa hiyo nieleze. Ukikata mikono ya shati unakunja kitambaa uso kwa uso, ndipo upate wa kulia na wa kushoto kwa mkato mmoja. Ukikilaza kama kilivyo, mikono yote inatoka upande mmoja. Hilo ni somo la siku ya kwanza. Mkasi ndiye aliyewafundisha wenzake wote pale, na aliyekosea alitaniwa mpaka ajute kuzaliwa. Sasa kosa hilo alikuwa amelifanya yeye, kwa bunda zima la kitambaa.

Alikuwa amesimama kwenye meza ya kukatia na miwani ya jua usoni. Ndani ya nyumba, jamani, na taa tulishaizima kwa ajili yake kwa sababu alisema mwanga unamchoma. Tulikuwa tunashona kwenye giza kama wezi.

"Mkasi, hii ni nini?"

Alichukua shati, akalitazama, akaliweka chini, akalichukua tena.

"Dada, mimi sikukata haya."

"Umeyakata jana!"

"Jana nilikuja?"

Hakuwa anatania. Mkasi akitania lazima pembe ya mdomo imchezecheze. Mdomo wake ulikuwa umetulia, na macho nyuma ya miwani ile yalikuwa yananisubiri mimi nimwambie jana alikuwa wapi.

Tulifumua mikono yote, sisi sote, pamoja na Mama Vifungo ambaye kazi yake ni vifungo tu na hapendi kugusa kitu kingine. Mwenye shule alipokuja nilimpiga porojo mpaka akaondoka mikono mitupu, ila hakucheka.

Sasa nimtaje shemeji yangu, mume wa Mkasi, ingawa damu inanichemka nikimtaja. Ni mwalimu wa udereva. Ana gari dogo jeupe lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yake, na sifa yake mjini ni upole. Mwanafunzi anaweza kuingiza gari mtaroni na shemeji hatapandisha sauti. Atasema tu, "Haya, turudi nyuma taratibu." Wazazi wanampelekea mabinti zao kwa amani kabisa.

Ana somo moja ambalo kila mwanafunzi wake lazima aliseme kwa kichwa kabla hajagusa ufunguo. Analiita somo la mkanda. Ukikosea neno, unashuka, unazunguka gari, unapanda tena, unaanza upya. Mama Vifungo alijifunza kwake, na kwa muda mrefu alikuwa analiimba huku anatoboa matundu ya vifungo: "Gari likigonga ukuta, migongano ni mitatu..." Tukamwomba aache kabla hatujamgonga sisi.

Mkasi naye alimpata hukohuko. Alienda kujifunza gari ili awe anapeleka mizigo ya karakana. Leseni hakuipata. Tulimtania kwenye harusi kwamba alitumwa leseni akarudi na mwalimu. Na shemeji alicheka pamoja nasi, meno yote nje, mtu mzuri kabisa.

Siku ile ya mashati, wenzetu walipoondoka, nilimkalisha mdogo wangu kwenye kigoda.

"Niambie ukweli. Anakupiga?"

"Hapana, Dada." Alikuwa anakunja vipande vya kitambaa, anavikunjua, anavikunja. "Hajawahi kunipiga. Ananishika tu mabega, ananigongesha ukutani. Kisha ananiletea maji ya kunywa."

"Anakugongesha nini ukutani?"

"Kichwa."

Alisema kama mtu anayetaja kipimo cha kiuno. Nikauliza ni mara ngapi. Akasema hajui, lakini nyuma ya mlango wa chumbani plasta ya ukuta imebonyea, na shemeji ameifunika kwa kalenda. Wakati mwingine anaona giza, akizinduka yuko sakafuni na maji yako pembeni. Hakuna damu wala uvimbe wa kuonyesha mtu. Nywele na kitambaa cha kichwa vinafunika kilichobaki. Nilitaka kwenda kwake saa ileile na ile pasi yangu ya mkaa, lakini Mkasi alinishika mkono, akakataa kuniachia.

Basi nikaanza kuzunguka, na mtu asiniambie mimi habari ya kuzunguka.

Kituo cha polisi, kijana mmoja mstaarabu alituuliza jeraha liko wapi. Nikasema liko ndani. Akasema ndani hawezi kuliandika, twende kwanza hospitali. Hospitali, dirisha la kwanza likatutuma la pili, la pili likasema tulipaswa kuanzia polisi. Nilisimama katikati ya ukumbi ule nikasema kwa sauti kwamba kumbe watu wanapigwa danadana mpaka hospitali. Mlinzi akaniomba nipunguze sauti kwa sababu kuna wagonjwa. Nikamwambia mmoja wao ndiye huyu.

Daktari wa kwanza hata hakumtazama usoni. Aliuliza analalaje, akasikia halali, akampa vidonge vya usingizi. Vile vidonge vikamfanya alale kama gogo na kuamka amesahau hata palipo chumvi. Mama yetu akasema labda ni mawazo. Jirani akasema labda ni mimba. Kila mtu alikuwa na lake, na kila mmoja alilisema kwa huruma, na hiyo huruma yao ilinichosha kuliko matusi.

Tulirudi, nikakaa kwenye benchi mpaka nikaliacha na umbo langu, ndipo tukapata daktari mwingine, mama mtu mzima mwenye sauti nzito. Huyu alimtaka aondoe miwani. Alimwambia afuate kidole chake kwa macho, akamtembeza kwenye mstari wa vigae, akampa maneno machache ya kukumbuka na baadaye akamuuliza ni yapi. Mkasi hakupata hata moja. Alipigwa picha ya kichwa, ikatoka safi.

"Safi?" niliruka. "Kwa hiyo haumwi?"

"Kaa, mama. Picha haioni kila kitu. Ubongo ukitikiswa mara kwa mara unaumia bila fuvu kupasuka na bila damu kutoka. Kusahau, mwanga kumchoma, kizunguzungu, maneno kumpotea, yote haya yanalingana na alichonieleza." Akamgeukia Mkasi, akazungumza naye yeye, jambo ambalo wengine wote walishaacha kulifanya. "Wewe si mzembe. Na wala si mwendawazimu. Umeumia. Unahitaji kupumzika, na kichwa hiki kisiguswe tena. Kikigongwa kabla hakijapona, siahidi kitu."

Mkasi alilia kwa mara ya kwanza. Mimi nilifurahi kama mjinga, nikidhani sasa tumepata wa kutusemea.

Wakati sisi tunahangaika na madirisha, shemeji hakulala. Kulikuwa na siku Mkasi alisahau kumchukua binti yao shuleni. Huyo binti tunamwita Kidoti, kwa alama aliyonayo shavuni, na ndiyo kwanza ameanza kusoma. Mtoto alikaa getini mpaka mwalimu akampigia simu baba yake. Shemeji alimchukua, akampeleka moja kwa moja kwa bibi yake mzaa baba, kisha akaitisha kikao cha familia. Alisema ana jambo moja tu: mtoto abaki kwa bibi yake moja kwa moja, kwa sababu mama yake hana akili timamu tena, na anayo mifano.

Mifano! Mwanamume anakivunja chungu, kisha anaitisha kikao kulalamika kwamba kinavuja.

Nilimwendea Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yetu, aliyestaafu ukaguzi wa shule na ambaye neno lake kwetu ndilo la mwisho. Nilimwomba kikao tukifanyie hospitali, daktari mwenyewe amekubali kutueleza. Baba mkubwa alivua miwani, akaifuta.

"Binti yangu, mambo ya chumbani unataka kuyapeleka wodini?"

"Yameshafika wodini, Baba."

"Tutayamaliza nyumbani," akasema, na kwake neno hilo lilikuwa limekwisha.

Usiku wa kuamkia kikao Mkasi alilala kwangu, nikamfundisha la kusema. Tulirudia kama watoto wa shule: alinifanya hivi, mara ya mwisho ilikuwa siku fulani, plasta iko nyuma ya mlango. Alinijibu vizuri. Nilipotoka kuchemsha chai na kurudi, aliniuliza tunajiandaa kwa ajili ya nini.

Kikao kilikuwa Jumamosi asubuhi, sebuleni kwa Baba mkubwa, kwenye makochi ambayo vitambaa vyake nilivishona mimi. Alikuwepo yeye, Mama, shemeji na mama yake, Mkasi, na mimi ambaye nilionywa mlangoni kabisa kwamba nisikilize kwanza. Shemeji alivaa shati jeupe lililonyooka. Alisalimia kila mtu kwa mikono miwili. Mkasi alipokaa, alimsogezea kiti ili mwanga wa dirishani usimpige machoni, na nikaona mama yake anatikisa kichwa kwa kusifu.

Alizungumza kwa utaratibu, kama anayeelekeza kona. Mke wake anaacha jiko linawaka. Anaanguka anguka. Amemsahau mtoto getini. Yeye anampenda, hataki kumwacha, anataka tu mtoto awe salama.

"Na hizi habari kwamba unampiga?" aliuliza Baba mkubwa.

"Baba, mimi sijawahi kuinua mkono kwa mke wangu. Mungu ananiona. Akipandwa na hasira namshika mabega, namweka ukutani atulie. Basi. Hospitali wamempiga picha, kichwa ni kizima. Muulizeni shemeji yangu huyu, alikuwepo."

Wote wakanigeukia.

"Picha ni safi," nikasema, "lakini daktari alisema..."

"Ni safi au si safi?" akauliza Baba mkubwa.

"Ni safi, ila..."

"Umejibu. Kaa."

Nilikaa. Nilikuwa nimefura mpaka nikahisi mshono wa gauni unalegea. Hata Mama alinigusa goti, akaninong'oneza, "Damu haikutoka, mwanangu," kana kwamba ananipa habari njema.

Ikawa zamu ya Mkasi. Baba mkubwa alimuuliza kwa upole, na ninakiri alikuwa mpole, mara ya mwisho ilikuwa lini.

"Jumanne," alisema Mkasi. "Hapana. Mvua ilikuwa inanyesha. Au... nilikuwa nimeshika ile... ile ya kufungia mlango."

"Ufunguo?"

"Siyo ufunguo." Alikunja uso, akatafuta neno hewani kwa vidole. "Ile..."

Tulimsubiri. Komeo, nilitaka kupiga kelele, sema komeo! Halikuja. Mama mkwe wake akashusha pumzi. Baba mkubwa akatazama sakafu, na nilijua anachofikiria, kwa sababu wote walikuwa wanafikiria hicho hicho. Mtu anayesema kweli angekumbuka siku.

"Mnaona?" alisema shemeji, na nakuapia macho yake yalikuwa na machozi. "Muulizeni leo ni siku gani. Muulizeni asubuhi amekula nini. Mke wangu hakumbuki kitu hata kimoja nilichowahi kumwambia."

"Nakumbuka," alisema Mkasi.

"Unakumbuka nini, mama?"

"Somo la mkanda."

Alivua miwani yake ya jua, akaikunja, akaiweka mapajani. Akanyoosha mgongo kama watu wanavyokaa ndani ya gari lile jeupe. Na sauti iliyotoka ilikuwa ya Mkasi wangu, ile ya zamani, ya meza ya kukatia, isiyotafuta neno.

"Gari likigonga ukuta, migongano ni mitatu. Wa kwanza, gari linagonga ukuta. Wa pili, kichwa kinagonga gari. Wa tatu, ubongo unagonga fuvu. Wa kwanza fundi wa bodi atanyoosha. Wa pili daktari atashona. Wa tatu hauonekani, hautoi damu, na hakuna fundi wa kuushona. Usiniambie mwendo ulikuwa mdogo. Usiniambie hakuna jeraha. Mwanafunzi, funga mkanda."

Hakukosea hata neno. Nilimtazama Baba mkubwa na nikaona midomo yake inachezacheza. Nikakumbuka. Alipostaafu alinunua pikapu kuukuu, na aliyemfundisha kuiendesha ni shemeji. Mzee mzima alizungushwa kwenye gari lile jeupe mpaka somo likamkaa kichwani. Alikuwa analisema pamoja naye, chini chini, hadi mwisho.

Mkasi akamgeukia mumewe. Hakumwita kwa jina wala baba Kidoti. Alimwita alivyokuwa anamwita kabla hawajaoana.

"Mwalimu, nyumbani kwetu mkanda uko wapi?"

Shemeji alifungua mdomo. Mtu huyu ambaye hakosi neno hata gari likiwa mtaroni alifungua mdomo, akaufunga, akawatazama watu mmoja mmoja akitafuta wa kumrudisha nyuma taratibu.

"Hilo somo ni lako?" aliuliza Baba mkubwa.

"Ni langu, Baba, lakini hilo ni la magari."

"Kichwa cha kwenye gari na cha nyumbani ni viwili?"

Mama wa shemeji ndiye aliyelia, polepole, mkono mdomoni, na nadhani yeye alikuwa amejua zamani kuliko sisi wote, labda tangu kwenye nyumba yake mwenyewe. Kisha Baba mkubwa akasema mtoto arudi kwa mama yake, na mama na mtoto wakae kwangu, na Jumatatu yeye mwenyewe atakuja kumsikiliza yule daktari. Akaongeza kwamba jambo hili tusilitangaze.

Hapo ndipo nilipolipuka. Nilimuuliza kwa nini tusilitangaze, wakati sisi tulitangaziwa mpaka jiko lililoachwa likiwaka. Nilimuuliza kwa nini ilibidi mgonjwa ajitetee kwa maneno ya aliyemuumiza, wakati ya kwake na ya daktari hayakutosha. Niliuliza mengi, na Mama alinivuta gauni mpaka ule mshono ukaachia kweli. Shemeji alituaga kwa mikono miwili, akaondoka zake.

Hadi leo anafundisha. Gari jeupe linapita mbele ya karakana yangu, mwanafunzi ameshika usukani kwa woga na yeye pembeni ametulia, mguu juu ya breki yake. Polisi wanasema sasa wana maelezo, tatizo ni kwamba mlalamikaji hakumbuki tarehe. Nikiwasikia natamani kuuma kitu.

Kidoti anakaa kwangu. Jioni anaandika kazi zake za shule chini ya meza ya kukatia, na Mkasi anakaa karibu naye, anachambua vifungo kwa rangi, kazi aliyopewa na Mama Vifungo kwa heshima kubwa. Mkasi wenyewe hatujampa bado. Siku nyingine anavichambua vyote sawa, siku nyingine anavichanganya, na mimi najifunza kutokupiga kelele, somo ambalo linanishinda kuliko la gari.

Juzi aliinua kichwa, akauliza kwa hofu, kama alivyouliza jana yake na juzi yake.

"Dada, kile kikao cha Kidoti ni lini?"

Nilikuwa na pini mdomoni na mwenye shule mlangoni. Nikatoa pini.

"Kimekwisha, mdogo wangu. Umeshinda. Si huyo hapo, kakaa miguuni kwako?"

Aliinama, akamtazama mtoto, akamgusa alama ya shavuni. Mabega yakamshuka.

"Afadhali," alisema. "Maana mimi nisingeweza kusema kitu. Nani alinisemea?"

"Wewe mwenyewe," nikamwambia.